Jibu Lako Kuhusu Mama

Nyumba yetu ile ile,
mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto wote. Hamjambo? Lile jino lako umeling'oa, au bado unalitunza kama mgeni wa heshima? Na mgongo wa shemeji unaendeleaje? Niambie ukweli, usiniandikie kwamba nyote wazima halafu nikaja kusikia kwa watu kuwa ulilazwa, kama ulivyonifanyia mwaka juzi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nalisema hilo kwanza ili usirukeruke mistari ukitafuta msiba. Hakuna msiba. Mama yuko hai, mchana amekula, na sasa hivi namsikia akimkaripia mjukuu wake Sindano kwa kuacha viatu katikati ya mlango.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Uliniuliza jambo moja tu: je, uje mpakani umchukue mama kabla dirisha la vibali vya wazee na wagonjwa halijafungwa mwisho wa mwezi huu? Nami nilikujibu kwa mistari minne, tena kwa kiburi, kwamba mama yuko mikononi mwangu na hakuna mahali salama kuliko hapo. Dada, jibu lile lichane. Jibu la kweli liko humu ndani, ila univumilie nilifikie taratibu. Mimi nisipoyapanga mambo siwezi kuyasema. Unanijua.

Vita bado viko ng'ambo ya vilima, lakini kila siku tunaviona vilima vyenyewe kama vinasogea. Duka la pembeni limebakiwa na chumvi, viberiti na dawa ya kung'arishia viatu. Kinyozi wa jirani, yule tunayemwita Redio, bado anafungua kibanda chake kila asubuhi na kutangaza habari kwa wenye ndevu na wasio nazo. Zamani tulikuwa tunacheka kwa sababu anatia chumvi. Sasa nanyamaza nimsikilize mpaka mwisho, maana mara mbili mwezi huu alichosema kimekuwa kweli, tena kilikuwa kibaya kuliko alivyosema.

Kazi ya kushona haijafa, imegeuka tu. Hakuna anayeagiza sare ya shule. Tangu mwezi uliopita nashona mifuko ya mgongoni ya turubai, usiku na mchana ningesema, kama umeme ungekuwepo. Watu hawaji tena kupimwa kiuno, wanakuja na vitu vyao. Juzi mama mmoja alileta saa ya ukutani, kubwa kama sinia, akaniambia mfuko wake lazima uienee. Nikaipima upana na kina, kama napima bega la bwana harusi. Alipoondoka nilikaa chini nikashika tama. Sikujua kama ni cha kuchekesha au cha kuliza.

Naogopa, dada. Acha niliandike hivyo hivyo. Mbele ya wateja najikaza kisabuni, nacheka nao, lakini pikipiki ikipita kwa kasi najikuta nimeinama chini ya meza ya kukatia. Nimemwomba mume wangu, shemeji yako, aing'oe kengele ya mlangoni. Birika linalopiga mluzi nimelificha kabatini. Nikiwa nakata kitambaa mkasi unasimama wenyewe katikati kwa sababu nimesikia kitu, na hicho kitu ni friji ya jirani inaanza kunguruma. Nesi wa zahanati alinifundisha kuhesabu pumzi: vuta kwa nne, toa kwa sita. Inasaidia mpaka ile sita inapokwisha.

Basi, kwa kuwa hofu haikai bila kazi, nikaipa kazi. Walikuja watu wa serikali ya mtaa wakagawa karatasi: kila nyumba iwe na maji ya siku kadhaa, chakula kisichooza, tochi, dawa, vyeti, na mahali pa kujificha pasipo dirisha. Wengine waliifungia maandazi karatasi ile. Mimi niliibandika juu ya cherehani. Shemeji yako, kwa vile ni fundi bomba wa idara ya maji, alileta madumu sita safi na kuyapanga kwa ukubwa kama wanakwaya. Stoo ile ya chini ya ngazi, nilikokuwa nikiweka majora ya vitambaa, tuliimwaga yote nje. Tukatandika godoro. Vyeti vyetu nikavitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaushonea ndani ya mfuko wangu wa turubai kwa mishono mitatu. Shemeji yako alinicheka mpaka mbavu zikamuuma, akaniita Bi Mipango, na jina limeshika. Hata Sindano ananiita hivyo nikiwa simsikii.

Sindano, kama umesahau, ndiye mpwa wako. Alibatizwa jina hilo na mama kwa ule wembamba wake. Ana miaka minane sasa na bado hanenepi.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo nilipokosea.

Mimi sijui kupanga kitu chochote isipokuwa kama nguo. Shati hulishoni kwa kulivamia lote. Unakata vipande, kila kipande unakitia alama, na mradi kila alama ikutane na mwenzake shati litasimama. Siku ya kwanza tulipofanya zoezi la king'ora, mimi nikipiga sufuria kwa mwiko, wote watatu tulimkimbilia mama. Tukagongana koridoni vichwa kwa vichwa. Maji yakasahaulika, gesi ikasahaulika, mama mwenyewe akabaki kitandani akicheka. Nikasema hapana, hii si kazi, hii ni vurugu. Nikachukua karatasi ngumu ninazochorea vipimo, nikakata vipande vinne, kila mtu na chake. Changu: gesi, swichi kubwa ya umeme, madirisha, mfuko. Cha Sindano: tochi na viatu vya bibi. Cha baba yake: maji, na kumbeba mama. Cha mama: kukaa kitandani atulie mpaka abebwe, maana ile nyonga iliyovunjika unajua haimruhusu haraka. Na chini ya vyote niliandika kwa chaki nyekundu kwamba ni marufuku mtu kugusa kipande cha mwenzake.

Tulifanya zoezi mara tisa. Kila mara saa kumi na mbili jioni, shemeji yako akiwa amesharudi kazini. Mama alikuwa anapanda mgongoni mwake na kusema, "Dereva, polepole kwenye kona, mimi abiria wa daraja la kwanza." Mara ya tisa tulitumia dakika mbili na nusu, wote ndani, komeo limefungwa. Nilijiona nimeshona suti.

King'ora cha kweli kililia Jumatano hii iliyopita, saa nne asubuhi.

Sindano alikuwa shuleni, wana handaki lao pale. Baba yake alikuwa upande wa pili wa mji, ameingia shimoni hadi kiunoni, anaziba bomba. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mikono yangu ikifanya kazi yenyewe: gesi, umeme, madirisha, mfuko. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikatia komeo. Nikatazama saa. Dakika moja na nusu. Na dada, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitoa kile kipande changu na kalamu, nikaweka alama ya vema kwenye kila kitu, kimoja baada ya kingine, na nilipomaliza hakukuwa na kilichobaki.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa mbali. Vumbi lilinidondokea kutoka kwenye ngazi. Ukafuata ukimya, na ndani ya ule ukimya nikasikia kitu koridoni. Ilikuwa fimbo ya mama, ile ya miguu minne, inatua, inainuka, inatua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina mama.

Alikuwa ametulia kitandani akisubiri kubebwa, kama nilivyomwandikia. Alipoona hakuna anayekuja, akashuka mwenyewe.

Utadhani niliruka nikafungua. Hata mimi ningedhani hivyo. Nilishika komeo, na mkono ukakataa. Nasema kweli, ukakataa. Mlipuko wa pili ukapiga karibu zaidi, kioo cha koridoni kikamwagika, nikamsikia mama akiguna, na mkono wangu badala ya kulivuta lile komeo ukazidi kulibana. Hapo sikuwa nimesahau tena. Nilijua fika yuko nje. Nilijua kwamba ni yeye, nilijua nyonga yake, nilijua ni hatua ngapi kutoka kitandani kwake hadi pale, maana nilizipima mwenyewe kwa futi ya kushonea. Nilikuwa naogopa tu. Sina neno jingine la kukupa, nimelitafuta siku nne.

Akafika. Nikasikia anakaa chini, mgongo wake ukiegemea mlango upande wa pili. Akauliza kwa sauti ile ile anayoulizia kama chai imeiva, "Umo humo?"

Nikasema, "Nimo, mama."

"Na mtoto?"

"Yuko shule. Wana handaki."

"Haya. Usifungue, mwanangu. Kaa humo humo mpaka yaishe."

Nami nikamtii. Nilikaa na mgongo wangu kwenye ubao ule ule, yeye nje, mimi ndani na godoro, na maji ya madumu sita. Tulikaa hivyo dakika kumi na mbili. Alikuwa anakohoa kwa sababu ya vumbi. Kila akikohoa nilishukuru, maana ni dalili kwamba yupo.

King'ora cha salama kilipolia nilifungua, akaangukia ndani kidogo, kwa kuwa alikuwa ameegemea. Hakunitazama vibaya. Aliniomba maji. Nikamkalisha kwenye kiti changu cha cherehani karibu na dirisha, nikamtoa vipande vya kioo kwenye mvi zake, kimoja kimoja, nikivitia kwenye kifuniko cha kopo la vifungo. Sikio lilikuwa limechanika kidogo, si pakubwa, limeshaanza kukauka. Muda wote ule sikuweza kusema hata samahani.

Shemeji yako alikuja mbio na matope yake yote, ameshampitia Sindano shule, anamburuta mkono. Akaniuliza ilikuwaje. Kabla sijafungua mdomo mama akadakia, "Tulikuwa wote ndani. Hiki kioo kilinidondokea wakati wa kutoka, miguu yangu mizito." Wala hakupepesa jicho. Baba Sindano akanishika bega mbele ya mtoto, akasema leo Bi Mipango ametuokolea bibi. Sindano akanikumbatia kiunoni. Dada, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kuitwa mwizi wa vitambaa, lakini hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ile sifa. Mume wangu hajui mpaka leo. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia, na nakwambia kwa sababu ni mama yako pia, na kwa sababu nilikuandikia yuko mikononi mwangu.

Usidhani nililala tu nikalia. Alhamisi asubuhi nilivichana vile vipande vyote vinne. Nikaanza mazoezi ya saa nne, mimi na mama peke yetu. Nilijaribu kumbeba mgongoni tukaanguka wote koridoni, na bahati yetu nilitangulia mimi chini. Nikashona blanketi lenye vishikio, nimlaze humo nimburute. Likafaa, lakini linachukua dakika nne na zaidi, na kati ya mlipuko wa kwanza na wa pili Jumatano hazikupita hata tatu. Nimehamishia godoro lake karibu na stoo, akakataa kulala hapo kwa sababu ya upepo wa koridoni unaomwingia nyongani. Nilifikiri kumweka ndani ya stoo moja kwa moja, mchana kutwa. Aliniuliza kama nimeamua kumfanya jora la kitambaa.

Mazoezi yote hayo hayanisaidii kwa lile ninaloliogopa zaidi. Muda naweza kuupunguza. Lakini mkono wangu siujui. Sijui siku nyingine utafanya nini, na hakuna zoezi la kupima hilo.

Ijumaa, nilipokuwa nimepiga magoti namfunga viatu, mama akaniambia nimletee barua yako. Nilikuwa nimeificha kwenye droo ya nyuzi, na yeye alijua iko wapi. Alipoisikia mara ya kwanza, alisema yeye si gunia la kupakiwa kwenye basi, na atafia kwenye shuka zake mwenyewe. Safari hii alinifanya nimsomee yote, mpaka salamu za mwisho. Kisha akasema, "Mwandikie dada yako nitakwenda."

Nikamwambia haiwezekani, nikaanza kuyataja mapya yote niliyopanga, blanketi, godoro, mazoezi ya asubuhi. Aliniacha nimalize. Akasema, "Hayo yote ni mazuri. Lakini mimi nikiwepo, siku hiyo itabidi usimame uchague. Sitaki uchague tena. Nataka ukimbie na mtoto wako, mikono mitupu, bila kugeuka nyuma."

Hakusema neno "mlango". Hajalisema kabisa tangu Jumatano.

Na unajua nilihisi nini? Nilipumua. Kifua kilifunguka, nikalala usingizi mzito Ijumaa hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, na nilipoamka nilijichukia. Naomba usinifariji kwenye majibu yako. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitashukuru.

Sisi hatuwezi kuja naye. Watu wa idara ya maji hawaruhusiwi kuondoka, na kibali cha mtoto kinadai wazazi wote wawili wavuke naye. Kwa hiyo ni mama peke yake, na lazima ndugu wa damu afike mwenyewe kutia saini upande wenu. Hii barua naituma kwa dereva wa lori la sabuni, bado anavuka kila Jumanne, na amekula kiapo ataitia mkononi mwako. Nitamfikisha mama mpakani Alhamisi tarehe 25, saa tatu asubuhi, kwenye geti la wanaopita kwa miguu. Atakuwa na koti la kahawia. Nimelibana mikono kwa sababu amepungua, usishtuke ukimwona.

Dawa zake za presha ziko kwenye mfuko mdogo wa bluu. Kidonge cha jioni hukificha chini ya ulimi, usimwache mpaka umeona ameshushia maji. Akisema ameshiba, mwongeze kijiko. Asilalie ubavu wa kushoto. Akianza kukusifia mapishi ujue anataka kitu. Mlango wa chumba chake uuache wazi usiku na mchana, hata kama kuna baridi. Tangu Jumatano anauwekea kiatu usijifunge, na anadhani sijamwona.

Msalimie shemeji, na yule mwanao mkubwa mwambie shangazi... tazama, hata kuandika nakosea, mwambie mama yake mdogo anamwombea kwenye mitihani yake. Wasalimie mapacha, na mama mkwe wako ambaye najua bado hanipendi, msalimie hivyo hivyo. Baba Sindano anakusalimu sana. Sindano amenipa busu la kukuletea, limekaa hapa pembeni ya karatasi pamoja na alama ya kidole chake cha jamu. Mungu akulinde, akulindie nyumba, akujalie kusikia milango ikifungwa bila moyo kukuruka.

Na uje mapema, dada. Usichelewe hata kwa siku moja. Nikipewa siku mbili za ziada nitaanza tena kusema kwamba yuko salama kwangu, na mama, kwa jinsi anavyonihurumia, atakubali kubaki.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na anayekuogopa kidogo leo.